Ndizi za Mwalimu, Mguu wa Fundi

Hakupenda mtu aifungue friza yake. Ungeweza kuingia nyumbani kwake na viatu vyako, jambo ambalo kwetu Kilindoni ni nusu ya jinai, naye angenyamaza mpaka uondoke ndipo apige deki. Lakini ukigusa mfuniko wa friza ungeisikia ile sauti iliyowafundisha wasichana wa shule kukata gauni na kuosha mtoto mchanga: "Wewe! Umetumwa na nani?"

Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, ingawa alikwishastaafu na ingawa wengi wetu hakutufundisha kitu. Somo lake lilikuwa sayansikimu. Enzi zetu, kipindi hicho kikifika, wasichana walikwenda jikoni na sisi wavulana tulikwenda shamba la shule na majembe, tukarudi na malengelenge. Ndiyo maana mimi, mwenye shahada iliyotundikwa ukutani, naweza kukuandikia kurasa nyingi juu ya nafasi ya chakula katika jamii za pwani, lakini mke wangu akisafiri ninakula mkate mkavu. Niliporudi kisiwani na kupanga nyumba inayopakana na yake, Mwalimu alinichunguza kwa siku kadhaa kisha akatoa hukumu.

"Baba Salha, wewe umesoma. Lakini hukufundwa."

Friza ilikaa sebuleni, si jikoni. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki, hata mgeni asiyejua angedhani ni sanduku la vyombo vya harusi. Umeme ulipokatika, na hukatika, Mwalimu hakulaumu mtu. Alichukua mablanketi akaifunika friza gubigubi, akakaa kando yake kama anauguza.

"Friza ni kama mtu mwenye homa," alisema. "Usimfunuefunue."

Ndani hamkuwa na nyama wala samaki. Samaki wa kisiwani, kwa maoni yake, hakuwa na haja ya kulala kwenye friza, maana huliwa akiwa bado anakutazama. Friza ilikuwa ya matunda. Ndizi alizitaka zile zilizoiva mpaka ganda limeota madoadoa, ambazo sokoni watu huzipita wakiziona. Alizimenya, akazikata vipande vifupi, akavichoma vijiti, akavipanga juu ya sinia bila kugusana.

"Vikigusana vitaoana," alinieleza, "na kuviachanisha ni kesi ya kadhi."

Vilipoganda vikawa mawe, aliyeyusha mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akachanganya na unga wa kakao na tende chache zilizolowekwa zikapondwa mpaka zikawa laini kama uji wa mtoto. Kisha akachovya. Hapo ndipo mimi, msomi, nilipokuwa nikisogeza kiti karibu kama mtoto kwenye mazingaombwe. Chokoleti iliganda juu ya ndizi mbele ya macho yako, kabla hujamaliza kusema bismillahi. Juu yake alinyunyiza korosho zilizotwangwa kidogo, zisiwe unga. Maembe na mapapai aliyasaga akayamimina kwenye vikombe vidogo vya kahawa. Bungo alilichanganya na tui zito, ikatoka lambalamba yenye ukali wa kukufanya ufumbe jicho moja na kuomba nyingine.

Sukari hakutia. Hata punje.

Vijiti vilikuwa chelewa. Alinunua fagio jipya, akalifungua, akaziosha njiti, akazichemsha, akazifunga mbilimbili ili zisipinde. Bi Mwanaidi, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye mtaa mzima ulipata habari kwake kabla ya redio, alizikuta siku moja zinaanikwa.

"Mwalimu, umefika wakati wa kutulisha fagio?"

"Fagio lisilofagia si fagio, ni mti tu. Kama wewe, Mwanaidi. Usiposema umbea ni mtu mzuri tu."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Urafiki wao ulikuwa hivyo, wa kurushiana mawe yaliyochovywa kwenye asali.

Kakao ilikuwa ikiagizwa Dar es Salaam na mzee mwenye duka karibu na soko, mtu wa ile jamii ya Kihindi iliyofanya biashara hapa tangu babu zao. Siku moja alimpimia huku akitikisa kichwa. "Mwalimu, kakao yote hii? Unafungua hoteli?"

"Nafungua mdomo wa mtu."

Watu walimshauri auze. Friza anayo, mikono anayo, watoto wenye kiu wamejaa. Alikataa kwa sababu moja tu: "Nikiuza nitaanza kutia maji."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Chai yake mwenyewe ilikuwa shira. Alitia sukari mpaka kijiko kikasimama, akainywa mbele ya watu aliotoka kuwahubiria habari za meno na mishipa ya damu. Nilipomwuliza, kwa ile sauti yangu ya semina, haoni mgongano hapo, alinitazama kwa huruma.

"Mimi ni mwalimu. Umemwona wapi mwalimu akifanya mtihani?"

Alifundisha kwamba mwanamke wa heshima hapandishi sauti, na fundisho hilo alilitoa kwa sauti iliyosikika bandarini. Alikataza kuonja kwa kidole, akaonja kwa kidole, akakinawisha hicho kidole kwa sabuni na uso wa mtu aliyetendewa jambo na mtu mwingine. Sifa hakutoa. Ukimletea embe bora la kisiwa kizima angelibonyeza, akalinusa, akasema, "Si baya," nawe ungerudi nyumbani ukitembea kama umepewa nishani.

Mume wake alikuwa fundi wa mashine za boti, na yeye alikuwa na kipaji cha pili kilichokaribia kile cha kwanza, yaani kulalamika. Alililalamikia jua likichomoza na akalilalamikia likitua. Mkewe alimwita Fundi, naye alimwita mkewe Mwalimu, mchana na usiku, nadhani hata chumbani. Alipenda vitamu kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule. Alikuwa akirudi kutoka pwani na mikono ya grisi, soda mkono huu, halua mkono ule, akilalamika kwamba halua ya siku hizi si halua.

Kisha akapata kidonda kwenye unyayo. Hakujua kilianza lini kwa sababu hakukisikia, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Gari langu bovu ndilo lililowapeleka hospitali, kwa hiyo nilikuwepo daktari alipoyasema bila kuzunguka: ni kisukari, sukari isiposhuka kidonda hakitafunga, na kisipofunga mguu utakatwa.

Njiani tukirudi Fundi alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mtaani asijue mtu. Nani atamwita fundi wa mguu mmoja apande boti?"

"Hatajua mtu," alijibu Mwalimu, akitazama nje.

"Na wewe, Baba Salha, kalamu yako ikae mfukoni."

Ilikaa. Ruhusa ya kuandika haya nilipewa baadaye sana, na yeye mwenyewe.

Basi ndizi zile, wakati mimi nikizifurahia kama burudani ya jirani, zilikuwa rushwa. Mwalimu alikuwa ananunua mguu wa mumewe kwa chokoleti. Alijua kumkataza Fundi kitamu ni kumtuma dukani kwa siri. Kwa hiyo alimpa kitamu kilichopimwa, kipande kimoja baada ya chakula, siyo sinia, maana daktari alikwishasema hata tunda lina kiasi chake. Na ili watu wasiulize kwa nini friza nzima ni ya mtu mmoja, alitengeneza ya mtaa mzima. Fundi akatangaziwa ugonjwa wa mgongo, akawekwa barazani, mguu juu ya stuli, soksi juu ya bendeji.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Kabla ya magharibi, Mwalimu alipeleka sahani za ndizi na vikombe vya bungo nyumba hii na ile, na watu walizisifu. Baada ya swala nilikuwa nikimwona Fundi ametulia barazani, mtu wa amani kabisa. Kliniki, mambo hayakuwa ya amani. Kidonda kilikuwa vilevile, kisha kikawa kikubwa zaidi. Daktari akaanza kusema neno "kukata" bila kulitanguliza na "huenda".

Mwalimu alijilaumu, akadhani ni tende. Akazipunguza, akaziondoa kabisa. Akaongeza kakao mpaka ile chokoleti ikawa chungu kama klorokwini. Usiku mmoja, baada ya futari, alinivuta uani na kikombe mkononi.

"Onja."

Nilionja. Machozi yalinitoka.

"Umeona? Bungo tupu hilo. Nimempa Fundi hivyohivyo. Unajua amesema nini? Amesema ahsante." Alinishika mkono. "Fundi! Mtu aliyeilalamikia pilau ya harusi yetu, mbele ya mama yangu!"

"Labda amebadilika, Mwalimu. Ugonjwa hufundisha."

"Watu hawabadiliki, Baba Salha. Wanashiba kwingine."

Jioni iliyofuata hakungoja. Mara tu baada ya kuswali alitoka barazani na msala bado begani. Mimi nilikuwa kwenye baraza yangu, nimeshika kitabu ambacho kwa giza lile hata bundi asingekisoma. Fundi alikuwa na sahani mapajani, na kwa mwanga wa taa ya mlangoni mwao shira iling'aa kwenye ndevu zake.

"Fundi."

"Mwalimu."

"Nini hicho?"

"Kalimati. Za Mwanaidi. Nilikuwa naonja kama zimeharibika."

"Na zimeharibika?"

Fundi alitafuna, akafikiri. "Bado sina hakika."

Nilicheka ndani ya kitabu changu. Mwalimu hakucheka. Aliketi kando ya mumewe, akaichukua sahani, akaigeuzageuza. Ilikuwa sahani yake mwenyewe, yenye maua ya buluu pembeni, ile aliyoipeleka kwa Bi Mwanaidi na ndizi zake. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa, unaiosha, unatia chako, unarudisha. Mwenye adabu anatia kilicho bora zaidi ya alichopewa. Na nani alikuwa akizipokea pale mlangoni? Mgonjwa wa mgongo, mguu juu ya stuli.

"Ni mimi," alisema Mwalimu polepole. "Kila sahani ninayoitoa inarudi na kisu."

Mwenye akili ya kawaida angeacha kupeleka. Lakini kuacha kupeleka katikati ya Ramadhani ni kutangaza ugomvi. Kuwaambia watu warudishe sahani tupu ni matusi makubwa zaidi. Kuwaambia sababu ni kuvunja ahadi. Nilijitolea kuwa mshauri. Nilizungumza habari za uchumi wa zawadi na wajibu wa kurejesha, mpaka Mwalimu akaniambia nikamenye papai.

Alichokifanya kilikuwa cha mwalimu wa sayansikimu hasa. Alikusanya vifuu vya nazi, akavikwangua, akavisugua kwa mchanga, akavichemsha, na ndizi zikaanza kwenda kwa majirani ndani ya vifuu. Kifuu hakirudishwi, hutiwa jikoni kikawaka. Kwa siku chache watu walisema ni mapambo. Kisha minong'ono ikaanza, na alasiri moja, tukiwa barazani na Mwalimu, Bi Mwanaidi akaja na kifuu mkononi amekishika kwa vidole viwili.

"Hodi."

"Karibu, Mwanaidi."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Mwalimu, sahani zangu zimepata najisi?"

"Allah! Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema, nimeona. Kila Ramadhani chako kinakuja kwangu, changu kinakuja kwako. Leo naletewa kwenye kifuu, kama kuku! Kama chakula changu kimewachosha, nambie. Usinifiche kwa nazi."

Mwalimu alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo wala siri, na mtu aliyejibu maswali ya wakaguzi wa elimu bila kupepesa macho akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mwanaidi, we ni ndugu yangu."

"Ndugu hatii ndugu yake kwenye kifuu!"

Tukasikia mlango. Fundi alitoka ndani akijiburuta, mkono ukutani. Hakusalimia. Alikaa, akavua soksi, akakunjua bendeji mpaka mwisho, mbele yetu, mchana kweupe. Harufu ilitufikia kabla ya macho.

"Kalimati zako tamu, Mwanaidi," alisema. "Zinanila mguu."

Bi Mwanaidi aliutazama ule unyayo. Kifuu kikamwanguka. Akaanza kulia na kutukana kwa pamoja, kipaji nilichokishuhudia mara moja tu maishani.

"We mzee huna haya! Ungenyamaza mpaka lini? Mpaka tukuzike kwa vipande? Miye nakaanga, nachovya kwenye shira, nasema namkirimu Fundi, kumbe namwua! Na we Mwalimu, unaniachia nimwue!"

"Nilimwahidi," alisema Mwalimu.

"Ahadi!" Bi Mwanaidi alijifuta uso kwa kanga. "Funika huo mguu, nzi wanakuja. Na mnipe sahani yangu."

Siri ile ambayo Fundi aliogopa ingemnyima kazi ilifika soko, bandari na msikiti kabla ya futari. Jioni hiyo sahani zilirudi. Moja ilikuwa na samaki wa kuchoma na ndimu. Nyingine ilikuwa na mchicha, na nyingine matango yaliyokatwa kwa urembo kama ya harusini. Mwenye duka wa sokoni akaapa kwamba Fundi akitaka soda ataipata siku ya kiama. Wanawake wakaanza kuja kwa Mwalimu jikoni kujifunza kuchovya, maana kila nyumba, ilibainika, ilikuwa na mtu wake aliyefichwa: mama asiyeona vizuri, shemeji anayekunywa maji usiku kucha. Mwalimu aliwapanga kwa mstari na kuwakagua kucha. Mimi nilipewa kutwanga korosho. Nilizifanya unga. Alinipokonya mchi.

Naye Fundi akarudia lugha yake. Samaki hana chumvi. Matango ni chakula cha mbuzi. Ndizi ina baridi. Mwalimu alikuwa akiyasikiliza hayo kutoka jikoni kama watu wanavyosikiliza taarabu.

Kisha kazi ikanipeleka Dar es Salaam, nikakaa huko kuliko nilivyokusudia. Habari zilinijia kwa simu, kidogokidogo: sukari imeshuka, imepanda, imeshuka tena. Kidole kimoja kimeondoka. Kidonda kinajaribu kufunga. Baadaye sikusikia kitu, na nikaogopa kuuliza.

Niliporudi mwaka huu, jambo la kwanza nililoliona ni baraza tupu. Stuli haikuwepo. Nilipiga hodi nikiwa nimeshika begi langu, kwa sauti ya mtu anayeomba kura.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Salha. Umekonda. Ingia."

Alikuwa peke yake mezani, sinia mbele yake, mikono imetapakaa chokoleti mpaka kwenye vifundo. Amezeeka. Au labda nilikuwa sijamtazama vizuri tangu zamani.

"Fundi yuko wapi?"

"Kule kisiwani Bwejuu," alisema haraka, kwa hasira. "Mashine ya watu imekufa, mafundi wa huko wameshindwa, wakaja wakamchukua na boti asubuhi. Kidonda kimefunga, daktari karuhusu. Daktari! Yeye anakaa na nani nyumbani?" Alichovya ndizi kwa nguvu, chokoleti ikaruka. "Nimemwambia avae viatu vya kufunika. Nimemwambia aitazame miguu kabla na baada. Nimemwambia apige simu alasiri. Alasiri imekwisha."

Kweli jua lilikuwa limelala upande wa magharibi. Niliketi. Tulichovya, au yeye alichovya na mimi nikampa vipande, na kila boti iliyonguruma mbali bandarini aliinua kichwa, akakirudisha. Sikumwambia maneno ya kufariji. Nimejifunza walau hilo.

Simu ililia. Mikono yake haikufaa kushika kitu, kwa hiyo nikaibonyeza mimi, nikaweka sauti ya juu.

"Assalaam alaykum, Mwalimu."

"Waalaykum salaam. Umechelewa."

"Mashine ilikuwa imejaa chumvi, kule ndani..."

"Sikuuliza mashine. Umekula nini?"

"Samaki. Na muhogo wa kuchemsha."

"Na nini?"

Upepo ulivuma kwenye simu. Watu walicheka nyuma yake.

"Na nini, Fundi?"

"Wameleta halua."

"Ukafanya nini?"

"Nimeitazama."

"Umeitazama tu?"

"Nimeitazama sana."

Niligeuza uso. Mwalimu hakugeuza. "Na viatu?"

"Ninavyo. Vinabana. Vina joto. Soksi hizi umenunua za nchi gani, Mwalimu, za theluji? Na hawa vijana hawajui kushika spana, namwambia huyu geuza kulia anageuza..." Mtandao ukakatika.

Mwalimu alibaki vilevile, mikono yake ya kahawia imeinuliwa hewani kama mtu anayeomba dua.

"Ameila hiyo halua," nilisema.

"Kipande. Namjua." Alikuwa bado anaitazama simu. "Umemsikia lakini?"

"Nimemsikia, analalamika."

"Siyo hilo. Mtu akikaa, sauti yake hutokea tumboni. Nimeisikiliza hiyo mpaka nimeichoka, pale barazani. Hii ilitoka kifuani, na upepo unaipiga." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akajipaka chokoleti mpaka sikioni. "Fundi amesimama, Baba Salha. Amesimama juu ya boti."